Nikipumzika maumivu yanapoa, nikikimbia yanarudi

Kocha, shikamoo.

Nina miaka 38 na nimekuwa nikikimbia kwa miaka sita sasa. Sijawahi kuwa mtu wa kushindana. Nilikuwa naamka alfajiri, nakimbia kilomita zangu sita au nane, narudi nyumbani, siku inaanza. Ile ndiyo saa pekee iliyokuwa yangu, kabla watoto hawajaamka na simu haijaanza kulia.

Miezi minane iliyopita nilijiunga na wenzangu waliokuwa wakijiandaa kwa nusu marathoni. Ndani ya wiki nne nikatoka kilomita 25 kwa wiki hadi 45. Kila Jumatano tulikuwa tunapanda mlima mbio, tunashuka, tunapanda tena, mara kumi. Nikanunua na viatu vipya vyepesi, soli nyembamba, kisigino kimelala sawa na vidole, kwa sababu karibu kila mtu kundini alikuwa navyo. Jumatano moja nikahisi kitu kama kamba iliyokazwa nyuma ya mguu wa kushoto, juu ya kisigino. Sikusimama. Mwili ulipopata joto ikaachia, nikamaliza vizuri tu. Kesho yake nilishuka kitandani nikashindwa kukanyaga, nikaenda bafuni nimeshika ukuta.

Tangu hapo nimepumzika mara tatu. Mara ya kwanza wiki tatu, ya pili wiki sita, na ya mwisho miezi miwili kamili bila kukimbia hata hatua moja. Kila nikipumzika maumivu yanapoa kabisa, nashukuru, najua yamekwisha. Kila nikirudi, hata kwa kilomita tano za taratibu, asubuhi inayofuata mguu umekakamaa kama ubao. Nikitembea dakika kumi hivi ukakamavu unaondoka. Sasa kuna kauvimbe kagumu kwenye mshipa, upana wa vidole vitatu juu ya mfupa wa kisigino, na nikikabana kanauma.

Nimemeza vidonge vya maumivu. Vinasaidia siku ninazovimeza. Mwenzangu mmoja anasema nikachomwe sindano palepale kwenye mshipa, kwa kuwa yeye alichomwa begani akapona. Mwingine anasema nikimbie tu hivyohivyo, mshipa utazoea. Mume wangu, na najua anasema kwa kunipenda, anasema umri umefika, nitafute zoezi jingine. Nusu marathoni ni baada ya wiki kumi na bado sijajitoa.

Naomba uniambie: mshipa umechanika? Nipumzike muda gani ili upone kweli? Sindano nikubali? Na ile mbio, niende au nisiende?

Mkimbiaji wa Alfajiri

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale uliposema ile ndiyo saa pekee iliyokuwa yako. Najua maana yake. Nami niliwahi kupoteza msimu mzima kwa kano hiihii, napumzika, narudi, naumia, napumzika tena, na kilichoniuma kuliko kisigino ni kuamka alfajiri na kukosa pa kwenda. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, unisamehe.

Wewe unauita mshipa, na mitaani sote tunauita hivyo. Mimi nitauita kano, kwa sababu mishipa ni ya damu na ya fahamu pia, nisije nikakuchanganya. Ni ile kamba nene unayoweza kuishika kwa vidole viwili nyuma ya kifundo cha mguu. Juu imeshikana na misuli ya shavu la mguu, chini imeshikana na mfupa wa kisigino. Kano hii ndiyo nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini.

Nianze na hofu yako ya kwanza. Kwa ulivyoeleza, haijakatika. Kano ikikatika haiji kwa kunyemelea. Mtu husikia mlio, au huhisi amepigwa teke kisiginoni, anageuka kumtafuta aliyempiga na nyuma hakuna mtu. Tangu dakika hiyo hawezi kusimama kwa vidole vya mguu ule. Kama bado una wasiwasi, lala kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya ukingo wa kitanda, mumeo akubane shavu la mguu kwa kiganja. Kano ikiwa nzima, wayo utajisogeza wenyewe, vidole vikielekea mbali na goti. Abane kwanza mguu wa kulia ili muone unavyocheza, kisha wa kushoto. Wayo ukikaa kimya bila kutikisika, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ulichonacho, kwa maelezo yako, ni kano iliyochoshwa. Vidole vitatu juu ya mfupa ndipo hasa wakimbiaji wengi wanapoumia, kati ya sentimita 2 na 6 juu ya kisigino. Ukakamavu wa asubuhi unaoyeyuka ukitembea, maumivu yanayoachia mwili ukipata joto na kurudi kesho yake, kauvimbe kanakouma ukikabana: hizo ni dalili zake. Hata hivyo mimi nasoma barua, sikushiki mguu. Nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia akupime kwa mikono yake. Na umweleze mambo haya kama yapo: shavu la mguu limevimba na lina joto, au visigino vyote viwili vinauma pamoja na mgongo unaokakamaa kila asubuhi kwa muda mrefu, au ulitumia dawa za bakteria kama siprofloksasini au levofloksasini kabla maumivu hayajaanza. Hizo za mwisho watu hawazijui. Tangu mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imetaka dawa za kundi hilo ziwe na onyo kali kabisa kwamba zinaweza kudhuru kano hadi ikatike.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, maana humo ndimo yalimo yote. Umeuliza upumzike muda gani ili ipone. Mwanangu, umepumzika vya kutosha. Kupumzika ndiko kunakokurudisha nyuma.

Nieleze. Ukikimbia, kila unapokanyaga, kano ile inabeba mara 6 hadi 8 ya uzito wa mwili wako. Tuseme una kilo 60. Ni kilo 360 hadi 480, kwa kila hatua. Kilomita tano za taratibu, kwa dakika 35 hivi na hatua 170 kwa dakika, ni karibu hatua 6,000, na nusu yake zinaukuta mguu wa kushoto. Kano yako ilibebeshwa mzigo huo mara 3,000 siku ya kwanza tu baada ya miezi miwili ya kutobeba kitu. Wakati wa mapumziko maumivu yalishuka, ndiyo, kwa sababu hakukuwa na cha kuyachokoza. Lakini nguvu ya kano na ya shavu la mguu ilishuka nayo. Ukawa unarudi barabarani na mguu dhaifu kuliko ulioondoka nao, unauwekea mzigo uleule. Mara tatu umefanya hivyo na mara tatu umejibiwa vilevile.

Kuna jambo jingine ambalo lilipojulikana lilinibadilisha hata mimi ninavyowafundisha watu. Kati ya mwaka 1955 na 1963 majaribio ya mabomu ya nyuklia yalijaza hewani kaboni ya aina ya pekee, ikaingia kwenye mimea, ikaingia kwenye miili ya watu. Watafiti wa Denmaki wakaitumia kama alama ya tarehe. Mwaka 2013 walitangaza walichokiona ndani ya kano ya kisigino: kiini chake hujengwa mtu akiwa anakua, mpaka kama miaka 17, na baada ya hapo karibu hakifanywi upya tena. Kwa hiyo ukiketi kungoja lile doa lililochoka lijengwe upya kama ngozi iliyochubuka, utangoja sana. Lakini usikate tamaa, kwani kano haibebi kwa doa lile. Inabeba kwa nyuzi nzima zilizolizunguka, na hizo, pamoja na misuli inayozivuta, zinakubali kufundishwa. Ndiyo maana kauvimbe kako kanaweza kubaki hata siku utakapokuwa unakimbia kilomita kumi bila shida. Usikapime kila asubuhi kwa vidole. Ukikabanabana unakachokoza bure.

Dawa basi ni mzigo, tena mzito, ila uliopimwa. Daktari mmoja wa Uswidi, Håkan Alfredson, naye mkimbiaji, aliumwa na kano hii. Akamwomba mkuu wake wa kazi amfanyie upasuaji, akakataliwa. Akaamua kuibebesha kano mzigo mpaka iharibike kabisa, ili wasiwe na njia ila kumpasua. Badala ya kuharibika ikapona. Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 wa kujifurahisha waliofanya zoezi hilohilo, kushusha kisigino taratibu kutoka kwenye ukingo wa ngazi, mara 180 kwa siku, kwa wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia.

Mara 180 kila siku ni nyingi kwa mama mwenye watoto na kazi. Habari njema ni kwamba mwaka 2015 utafiti wa Denmaki ulilinganisha zoezi hilo na lile la mzigo mzito wa polepole, siku tatu tu kwa wiki, na matokeo yakakaribiana sana. Mimi nakupa hili la pili, kwa kuwa zoezi linalofanyika ni bora kuliko linaloachwa wiki ya tatu.

Simama pekupeku mbele ya ukuta, ncha za vidole vya mikono zikigusa tu, usiuegemee. Inuka kwa miguu yote miwili ukihesabu moja, mbili, tatu. Kaa juu kidogo. Shuka ukihesabu tatu tena. Hesabu hiyo ndiyo zoezi lenyewe. Ukienda harakaharaka misuli inarusha mwili na kano haipati kazi yake. Angalia kifundo: wengi wakichoka kisigino kinapinda kwenda nje na uzito unahamia kidole cha mwisho. Usikubali. Uzito ubaki kwenye kidole gumba na cha pili, na kisigino kiinuke wima kama kinavutwa na uzi kutoka darini. Fanya mara 15, pumzika dakika mbili, rudia, jumla raundi tatu. Kisha fanya raundi nyingine tatu umekunja magoti kidogo, na uyaache yakunjike hivyohivyo mwanzo mpaka mwisho. Zile za goti lililonyooka zinafanyisha kazi msuli wa juu wa shavu la mguu. Za goti lililokunjwa zinaufikia ule wa ndani, mpana, ambao ndio unaobeba sehemu kubwa ya mbio na ndio watu wanaousahau.

Miguu miwili ikizoea, hamia mguu mmoja. Mguu mmoja ukizoea, vaa begi mgongoni lenye kilo tano, halafu nane, halafu kumi na zaidi, na idadi ipungue kutoka 15 hadi 10, hadi 8. Liwe zito kweli. Wanawake wengi ninaowafundisha huishia kwenye begi jepesi kwa kuogopa, wanazunguka hapohapo miezi minne. Mazoezi yawe siku moja, siku moja mapumziko, kwa sababu baada ya mzigo mkubwa kano hubomoka kidogo kwanza kabla ya kujijenga, na inahitaji siku moja na nusu hadi siku tatu kufika kwenye kujijenga. Ile hali ya kufanya kila siku kwa bidii ndiyo iliyowaharibu wengi wenye moyo kama wako.

Siku ambazo inauma sana, usiache kabisa. Inuka kwa miguu miwili nusu ya njia, tulia hapo sekunde 45, shuka, rudia mara tano. Wengine hupata nafuu papo hapo kwa zoezi hilo, wengine hawapati, lakini halidhuru.

Sasa jambo ninalotaka ulishike kuliko yote katika barua hii. Utajuaje kwamba mzigo umezidi? Usiulize mguu wakati unakimbia. Umeona mwenyewe: ukipata joto unaachia, unakwambia twende. Uulize kesho yake asubuhi. Tafuta daftari dogo uliweke karibu na kitanda. Ukishuka, kabla ya kitu kingine chochote, tembea hatua kumi za kwanza na uyape maumivu namba, kutoka 0 mpaka 10. Andika tarehe na namba. Kuna utafiti wa Uswidi wa mwaka 2007 ambao watu wenye kano iliyochoka waliruhusiwa kuendelea na mbio na michezo wakati wa matibabu, mradi maumivu yasivuke 5 kati ya 10, yawe yametulia kesho yake asubuhi, na yasipande wiki hadi wiki. Hawakupona vibaya kuliko walioambiwa waache michezo wiki sita za mwanzo. Mimi ni mwoga kidogo kuliko wao, kwa hiyo nakuomba usivuke 3. Maumivu ya 1 au 2 wakati wa zoezi si hatari, usiyakimbie. Lakini asubuhi ikikupa namba kubwa kuliko asubuhi iliyotangulia, jana ulizidisha, hata kama jana ulijisikia kama malaika. Hapo usirudi sifuri. Rudi hatua moja nyuma, kwenye kile ulichokifanya mara ya mwisho kano ikanyamaza, kaa hapo siku kadhaa, ndipo uendelee.

Ukifanya hivi wiki sita, nane, pengine zaidi, utafika pahali ambapo miguu itakuwa inakuita kukimbia. Usitoke mpaka umejaribu mambo matatu. Utembee kwa kasi dakika 40 na asubuhi isilalamike. Uinuke kwa mguu wa kushoto peke yake mara 20, polepole, kisigino kikifika juu sawa na cha kulia. Wengi hufikisha idadi lakini kisigino kinaishia nusu, na hiyo haihesabiwi. Na urukeruke. Hili ndilo daraja ambalo karibu kila mtu analiruka, anatoka ukutani moja kwa moja hadi barabarani. Mbio ni mruko wa mguu mmoja unaorudiwa maelfu ya mara. Kano inavutika na kurudi kama springi, na kuinuka polepole hakuifundishi kazi hiyo. Anza na kamba ya kuruka, miguu yote miwili, mara 20 tu, raundi tatu. Wiki inayofuata ongeza. Halafu ruka kwa mguu mmoja palepale uliposimama, midogomidogo, mpaka 20 za kushoto zisikike sakafuni kwa mlio sawa na 20 za kulia. Sikiliza kwa masikio. Mguu dhaifu hutua kwa kishindo.

Siku ya kwanza ya kukimbia ikija, naomba isiwe kilomita tano. Tembea dakika tano, kisha kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara nane, tembea tena, nenda nyumbani. Ni dakika nane za kukimbia tu, na utajiona huna ulichofanya. Andika namba asubuhi. Pumzika siku mbili. Asubuhi zote mbili zikiwa tulivu, rudia. Wiki inayofuata kimbia mbili, tembea moja. Endelea hivyo mpaka ukimbie dakika 30 bila kutembea, siku tatu kwa wiki, ndipo uanze kuhesabu kilomita. Hatua ziwe fupi na za harakaharaka badala ya ndefu za kujivuta. Njia iwe tambarare na ngumu kiasi. Mchanga laini unaonekana wa huruma lakini kisigino kinazama na kano inavutika zaidi. Ongeza kitu kimoja kwa wakati. Dakika kwanza. Kasi baadaye sana. Mlima uwe wa mwisho kabisa, kwa kuwa ukipanda, kisigino kinashuka chini ya vidole na kano inabeba ikiwa imenyooshwa. Ukitazama nyuma utaona kwamba mwaka huu uliongeza vyote kwa pamoja: kilomita karibu maradufu, mlima, kasi, na viatu. Kimoja kati ya hivyo kingeweza kupita salama.

Viatu hivyo viweke kando. Sisemi ni vibaya kwa kila mtu. Lakini kisigino kikishuka sawa na vidole, kano inavutwa zaidi katika kila hatua, na mtu aliyezoea kiatu kilichoinuka anahitaji miezi kuvizoea. Rudi kwenye aina uliyokuwa ukiivaa zamani. Kwa wiki za mwanzo weka na kipande cha kuinulia kisigino, milimita kumi hivi, ndani ya viatu vyote viwili, hata vya kazini. Ni cha muda, utakitoa kidogokidogo. Na kama umekuwa ukisimama ngazini kuinyoosha kano ile kila asubuhi, acha kwa sasa. Inaonekana kama inaomba kunyooshwa, ilhali inachoomba ni nguvu.

Vidonge havikosi kazi, lakini vikikuwezesha kukimbia juu ya maumivu vinakuzibia masikio usisikie jibu la asubuhi. Usivimeze ili ukimbie. Sindano, kama anayoisema mwenzako ni ya steroidi, nakuomba uikatae. Bega si kano hii. Maumivu hupungua kwa wiki chache, kisha mara nyingi hurudi, na steroidi kwenye kano inayobeba mzigo mkubwa hivi inaweza kuidhoofisha mpaka ikatike. Mtaalamu akikupendekezea sindano, muulize jina la dawa na kama ameshakuona ukifanya mazoezi ya mzigo kwa angalau miezi mitatu. Anayesema ukimbie tu utazoea, amekuwa na bahati, mshukuru na umwache.

Mume wako usimkasirikie. Ameona ukishika ukuta kwenda bafuni. Mwonyeshe daftari; namba zikishuka ataziona yeye mwenyewe. Kuhusu umri, Haile Gebrselassie, mkimbiaji wa Ethiopia, alishinda mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, sekunde 0.09 mbele ya Paul Tergat wa Kenya, huku kano ya kisigino ikimsumbua, na baada ya michezo ile akapasuliwa. Septemba 2008 mjini Berlin alikimbia marathoni kwa saa 2 dakika 3 na sekunde 59, rekodi ya dunia ya wakati huo. Alikuwa na miaka 35. Mimi na wewe si Haile, ila kano zetu zimetengenezwa kwa nyuzi zilezile, na za mtu wa miaka 38 bado zinafundishika. Nimewarudisha barabarani watu wa miaka 60.

Na mbio ya wiki kumi? Usiende. Najua neno hili linauma. Ukianza mazoezi kesho na kila kitu kikaenda sawa, wiki ya kumi utakuwa pengine kwenye zile dakika mojamoja. Kilomita 21 zitakuwa zaidi ya mara 12,000 za mzigo ule kwa mguu wa kushoto, bila pa kurudi nyuma, na watu wakikushangilia uendelee. Jitoe wiki hii, mapema, ili usiwe unaamka kila siku ukijadiliana nayo. Kurudi kamili kwa kano iliyosumbua miezi minane huchukua miezi mitatu hadi sita, na wengine hufika mwaka. Mbio nyingine ipo mbele.

Saa yako ya alfajiri lakini usiiache hata siku moja. Ukiiachia italiwa na kazi za nyumbani na hutaipata tena. Amka muda uleule, vaa nguo zilezile za mazoezi. Siku za ukuta, fanya ukutani. Siku za katikati endesha baiskeli, ogelea, au tembea tu gizani mpaka kupambazuke. Moyo na mapafu havijui kama uko barabarani au kwenye baiskeli, vitakungoja vikiwa tayari.

Kesho ukishuka kitandani, hatua kumi, namba ya kwanza. Baada ya wiki 12 niandikie unitajie tatu tu: namba ya asubuhi ya wiki hiyo, mara unazoinuka kwa mguu wa kushoto na za kulia, na kilo zilizomo kwenye begi. Tutapanga kilomita kuanzia hapo.